Nani anafanya hiyo -ing? Maswali yenu ya Kiingereza na majibu yake

Wasomaji wangu, safari hii maswali mengi mliyoleta yanagusa kitu kimoja, yale maneno ya Kiingereza yanayoishia na -ing au -ed ambayo yanakaa mwanzoni au mwishoni mwa sentensi bila mtendaji wake, wenye sarufi wanayaita virai vya patisipo. Mfano "Walking to work, I met an old friend", au "Written in a hurry, the letter had many mistakes" (nikisema -ed nahesabu pia written, built, stolen na wenzake wanaofanya kazi hiyohiyo). Nimechukua maswali nane. La kwanza nitalijibu kwa kirefu sana maana hilo likieleweka mengine yote yanakuwa mepesi, kwa hiyo mnivumilie hapo mwanzo.

Mwalimu shikamoo. Naandika tasnifu na msimamizi wangu kila akirudisha sura anakuwa amezungushia kalamu nyekundu sentensi zangu zote zinazoanza na -ing, pembeni anaandika neno moja tu, "who?", basi, hakuna maelezo mengine. Mfano huu hapa, "Arriving at the laboratory, the door was locked." Mi naona iko sawa kabisa, nikiisoma kichwani kwa Kiswahili naelewa, nilipofika maabara mlango ulikuwa umefungwa. Kosa liko wapi? Mwanafunzi wa chuo.

Marahaba, na pole na kalamu nyekundu. Jibu umeshalitaja mwenyewe pale uliposema ukiisoma kwa Kiswahili unaelewa, hapo ndo penyewe. Kitenzi chetu kinatembea na mtendaji wake ndani. Ukisema "nilipofika", ile ni- imeshamwambia msomaji kwamba ni wewe uliyefika, kwa hiyo hata kinachofuata kikiwa ni mlango, au mvua, au mtu mwingine kabisa, hakuna anayechanganyikiwa. Nikifika, ukifika, akifika, wakifika, kila moja ina mwenyewe. Sasa angalia "arriving". Haina ni-, haina u-, haina a-, ni kitendo kitupu kinachongoja mtu wa kukifanya, na msomaji wa Kiingereza hana pa kumtoa huyo mtu isipokuwa kwenye sentensi kuu, yaani anachukua kiima, ile nomino inayokuja mara tu baada ya koma, anaifanya ndo mtendaji. Kwenye sentensi yako kiima ni "the door". Kwa macho ya msimamizi wako mlango ndo uliofika maabara, na ndo maana anauliza nani.

Naomba ulishike hili vizuri maana kwa miaka yote niliyosahihisha kazi za watu, kosa hili nalikuta kwa wenye Kiingereza kizuri kabisa, watu wenye msamiati mkubwa, na halitokani na uvivu, linatokana na lugha yetu kutuzoesha kwamba mtendaji yupo tu ndani ya kitenzi hahitaji kutafutwa.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza unaiacha -ing ilivyo ila unabadilisha kiima, "Arriving at the laboratory, I found the door locked", sasa aliyefika na aliyekuta ni mtu mmoja. Ya pili unamrudisha mtendaji kwenye kipande cha mwanzo, "When I arrived at the laboratory, the door was locked". Mimi kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili napendelea hii ya pili, sababu "when I arrived" inalingana na "nilipofika" kipande kwa kipande, when ndo ile -po-, I ndo ni-, na arrived ndo -li- pamoja na -fika, hupotezi kitu. Ya kwanza itumie pale ambapo vitendo vyote viwili kweli ni vya mtu huyohuyo na unataka sentensi ikimbie.

Kwenye tasnifu kuna mtego mkubwa zaidi, kauli ya kutendwa. Watafiti wengi tunafundishwa tusijitaje, tunaandika "was measured", "was collected", halafu mbele yake tunaweka -ing, matokeo yake ni "Having analysed the data, it was concluded that the method works". Nani kachambua? Ukitafuta kiima unakuta "it", na hiyo "it" haijachambua kitu. Andika "Having analysed the data, we concluded that the method works", na kama idara yenu haitaki "we" basi achana na patisipo kabisa, "The analysis showed that the method works", fupi na safi. Kwa "using" mambo ni laini kidogo, "The temperature was measured using a thermometer" utaikuta kwenye majarida ya sayansi kila siku maana using imeshazoeleka kama vile "with", wasahihishaji wengi wanaiacha ipite. Ila ukiipeleka mbele, "Using a thermometer, the temperature was measured", tatizo linarudi, na kwa msimamizi kama wako usijaribu.

Na usidhani kuongeza while au after kunaokoa, wengi wanafikiri hivyo. "After finishing the experiment, the samples were stored" bado sampuli ndo zimemaliza jaribio. Sema "After we finished the experiment, the samples were stored".

Mtego wa mwisho ni mdogo ila unakamata hata waandishi wazoefu, pale mtendaji anapojificha ndani ya my, his au their. "Being a nurse, my opinion is that patients need more rest." Unaona kama uko salama sababu "my" ni wewe, lakini kiima ni opinion, na maoni hayajawahi kuwa nesi. "As a nurse, I think patients need more rest" ndo sawa.

Kabla hujamrudishia sura inayofuata fanya hivi, chukua nomino ya kwanza baada ya koma, iweke mbele ya -ing na "was" katikati. "The door was arriving at the laboratory", haiwezekani, irekebishe. "I was walking to work", inawezekana, iache. Kwa having unaweka "had" badala yake, "we had analysed the data", ipo. Inachukua sekunde tano kwa sentensi. Na ujue msimamizi wako hajaitunga hii sheria yeye, William Strunk aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani aliiweka kwenye kijitabu chake cha kanuni za uandishi mwaka 1918, na walimu wa uandishi wanaisimamia mpaka leo.

Sasa mwalimu mbona magazeti ya Kiingereza yanaandika "Considering the weather, the match went well" na hakuna anayelalamika? Mechi ndo imefikiria hali ya hewa? Msomaji wa siku nyingi.

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye Kiswahili pia. Chukua neno "kuhusu", au "kutokana na", au "kulingana na". Yote kwa umbo ni vitenzi, ku- ipo pale mbele, lakini ukisema "kutokana na mvua, mechi imeahirishwa" hakuna anayekuuliza nani ametokana, maneno hayo yameshaacha kazi ya kitenzi yamekuwa viunganishi. Kiingereza nacho kimefanya hivyohivyo kwa considering, regarding, concerning, given, assuming, provided, judging by, generally speaking, na according to ambayo watu wengi hata hawakumbuki ni -ing. Hizi hazitafuti mtendaji, ziweke mbele ya kiima chochote.

Hata "during" ilianzia huko, zamani Kiingereza kilikuwa na kitenzi "dure" chenye maana ya kudumu, kitenzi chenyewe kikafa, -ing yake ikabaki peke yake. Kwa hiyo orodha hii inakua polepole kwa karne nyingi, ila haikui kwa sababu mimi na wewe tumeamua leo. "Looking at the results, the method works" bado kwenye kazi rasmi itazungushiwa nyekundu, kwenye mazungumzo watu wanaisema tu.

Shikamoo mwalimu, mimi naomba kazi ya uhasibu na nimeandika "Leaving school in 2015, I now work as an accountant." Rafiki yangu anasema niweke having. Tunabishana. Yupi yuko sahihi?

Marahaba. Rafiki yako amekaribia, kiima chako kiko sawa, ni "I", hongera kwa hilo, tatizo ni wakati. -ing ya kawaida inasema vitendo viwili vimeenda pamoja, au kimoja kimefuata kingine papo hapo mkono kwa mkono, kama ile -ka- yetu ya akatoa ufunguo akafungua sanduku, "Taking the key from the drawer, she opened the box". Wewe shule umemaliza 2015, kazi unafanya sasa, kati yake kuna miaka, -ing haiwezi kuvuka umbali huo. Having inaweza, yenyewe maana yake jambo limeshakwisha kabla la pili halijaanza, kama tunavyosema "akiwa ameshapoteza ufunguo", "Having lost the key, she could not open the box", na mara nyingi inabeba na sababu ndani yake, kapoteza kwa hiyo ameshindwa.

Na hiyo sababu ndo inanifanya nisikubaliane na rafiki yako moja kwa moja. "Having left school in 2015, I now work as an accountant" kisarufi imepita, ila inanukia kana kwamba umekuwa mhasibu kwa sababu uliacha shule, sidhani kama ndo ulitaka mwajiri aelewe. Tena "left school" kwa wengine ni kama uliacha njiani. Ningekuwa mimi ningeandika "I completed school in 2015 and have worked as an accountant since 2018", kama 2018 ndo mwaka ulioanza, weka wa kwako. Hakuna patisipo hata moja na hakuna anayekosa kuelewa. Barua za kazi nyingi zinaharibika kwa sababu mtu anataka kila sentensi ianze kwa kishindo, having hii, having ile, ukifika ya tatu msomaji amechoka. Weka moja tu pale inapobeba uzito, mfano "Having managed the accounts of three branches, I am used to tight deadlines", hapo sababu na matokeo vimeshikana kweli.

Ukitaka kukanusha, not inatangulia mbele kabisa. "Not having received your reply, I am writing again." Utaona watu wanaandika "Having not received", inaeleweka, ila ya kwanza ndo imenyooka.

Mwalimu, kwa nini "The man standing at the gate is my uncle" ni sahihi, halafu "The man stealing my phone yesterday was arrested" nimekoseshwa kwenye mtihani? Zote ni -ing baada ya nomino.

Hapa Kiswahili kinakusaidia sana ukikiruhusu. Sentensi ya kwanza ni "mwanaume anayesimama", au "aliyesimama pale", jambo bado linaendelea macho yako yakimwangalia. Ya pili ni "aliyeiba", limekwisha, jana hiyohiyo. Ile -ing inayokaa baada ya nomino badala ya who au which inabeba anaye- na aliyekuwa aki-, haibebi aliye- ya jambo lililomalizika mara moja. Kwa jambo lililokwisha rudisha who, "The man who stole my phone yesterday was arrested", haina njia ya mkato.

Kwa upande wa kutendwa mambo ni rahisi zaidi maana Kiingereza kinatofautisha kama sisi. "The house being built" ni nyumba inayojengwa, mafundi wako kazini. "The house built in 1990" ni nyumba iliyojengwa, imekwisha. "The phone stolen yesterday" ni simu iliyoibwa jana, sahihi kabisa. Kwa hiyo simu yako inaweza kuwa "stolen yesterday" ila mwizi wako hawezi kuwa "stealing yesterday", ajabu lakini ndo ilivyo, -ed imebeba ukamilifu na -ing haina.

Kuna kitu kingine kizuri hapo. Vitenzi vya hali kama contain, belong, know, ambavyo walimu wametukataza kuviweka kwenye "is containing", hapa vinaruhusiwa bila shida, "a box containing books", "a car belonging to my sister", "anyone knowing the answer". Usivikwepe kwa woga.

Boring na bored bado zinanichanganya hata baada ya miaka yote hii, naona aibu kuuliza.

Usione aibu, wako wengi. -ing ni kile kinachochosha, -ed ni yule aliyechoshwa. Ukisema "I am boring" umesema wewe unachosha watu, ukisema "I am bored" umechoshwa wewe. Interesting na interested, confusing na confused, zote zinaenda hivyo. Na kwenye virai ni vilevile, "Confused by the question, she asked again" yeye ndo kachanganywa, "Confusing the two dates, she missed the meeting" yeye ndo kachanganya. Ukiweza kuongeza -w- kwenye Kiswahili chake, akachanganywa, akachoshwa, akashangazwa, basi ni -ed.

Nilimwambia mwanangu "Studying hard, you will pass", akacheka akasema hakuna Mwingereza anasema hivyo. Lakini si ni "ukisoma kwa bidii utafaulu"? Mzazi.

Mwanao amesikia vizuri, na wewe mantiki yako ilikuwa nzuri pia. Ile -ki- yetu inafanya kazi mbili, ya "wakati", nilimkuta akisoma, na ya "kama", ukisoma utafaulu. -ing imechukua ile ya kwanza tu. Kwa ya pili Kiingereza kinataka if, "If you study hard, you will pass".

Ila, na hili ndo linalonifurahisha kila nikilifundisha, -ed yenyewe inaibeba "kama" bila wasiwasi. "Used well, a dictionary will save you hours", yaani kamusi ikitumiwa vizuri. "Given another chance, I would choose the same job", yaani nikipewa nafasi nyingine. Sheria ya kiima ipo palepale, kinachotumiwa ni kamusi, anayepewa ni mimi, vyote viko baada ya koma mahali pake.

Na kuna sehemu moja -ing inabeba "kama" kwa sababu imekuja na mtendaji wake kabisa, "Weather permitting, we will play tomorrow", hali ya hewa ikiruhusu. Hapo Kiingereza kimefanya kama sisi, kimemweka mtendaji mbele ya kitenzi kwa hiyo hakitafuti wa sentensi kuu. Unaweza kutunga nyingine kwa njia hiyo, "The exam being over, we went home", mtihani ukiwa umekwisha tukaenda nyumbani, ni sahihi lakini nzito, inasikika kama maandishi ya zamani. Watu siku hizi wanaongeza with, "With the exam over, we went home", na mimi ndo ninayoifundisha.

Koma inabadilisha nini kwenye hizi -ing, au ni mapambo tu?

Inabadilisha mtu. "I saw my brother walking to the station", bila koma, anayetembea ni kaka, nilimwona kaka akitembea. "Walking to the station, I saw my brother", anayetembea ni mimi. Kwa Kiswahili ni a- na ni- tu zinabadilishana, kwa Kiingereza ni mahali pa kukaa na koma.

Halafu angalia hii, "The students knowing the answer raised their hands", ni wale waliojua tu, wengine wametulia. "The students, knowing the answer, raised their hands", hapa wote walijua, na kujua ndo sababu ya kunyoosha. Koma mbili zimeongeza darasa zima. Ukiandika ripoti inayotaja nani alijua nini, hizo koma zinaweza kuleta kesi. Na ile inayokaa mwishoni kuonyesha namna au matokeo, "He left the room, slamming the door", iwekee koma, aliyebamiza mlango ni aliyetoka.

Nyongeza fupi kwa aliyeuliza tofauti ya cross na crossing baada ya saw: "I saw her cross the road" umemwona mwanzo mpaka amefika upande wa pili, "I saw her crossing the road" umemkuta katikati akivuka, kufika hujasema kama alifika. Polisi akikuhoji kama shahidi hiyo tofauti ina maana.

Ofisini tumebishana. Mimi nimeandika "I appreciate your helping me", mwenzangu anasema sahihi ni "I appreciate you helping me". Tumekubaliana wewe ndo uamue. Dada wa ofisini.

Dada, huu ubishi mlionao ni wa miaka zaidi ya mia. H. W. Fowler wa Uingereza, mwandishi wa vitabu vya matumizi sahihi ya Kiingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, ndo aliyeibatiza ile ya mwenzako jina la patisipo iliyoungana, na hakuipenda hata kidogo, aliona "you helping" haina sarufi maana neno halijulikani kama ni nomino au ni sifa ya "you". Otto Jespersen, mtaalamu wa lugha kutoka Denmark, akampinga, akaonyesha kwamba waandishi wazuri wa Kiingereza wameitumia muda mrefu. Mimi nikisoma hoja zao namuona Jespersen ana nguvu zaidi.

Mkanganyiko wenyewe una chanzo. Kiingereza cha kale kilikuwa na miisho miwili tofauti, patisipo iliishia na -ende, na nomino ya kitendo iliishia na -ung au -ing, ni kama sisi tulivyo na "akisaidia" na "kusaidia", huwezi kuzichanganya. Baadaye, kwenye Kiingereza cha enzi za kati, miisho hiyo ikaja kuwa -ing zote mbili, na tangu hapo neno moja linafanya kazi mbili na watu wanabishana.

Kwa Kiswahili tunazo zote mbili wala hatugombani. "Kuondoka kwake kumenishtua" na "yeye kuondoka kumenishtua", ya kwanza imekaa kimaandishi zaidi, ya pili imekaa kimazungumzo, na ndo tofauti hiyohiyo kati ya "his leaving" na "him leaving". Kwenye barua rasmi au mtihani, kwa viwakilishi vifupi, tumia my, your, his, their. Kwenye mazungumzo me, you, him, them hazina shida. Nomino ikiwa ndefu usilazimishe kumiliki, "I was worried about the people in the back row leaving early" iache hivyohivyo, ukijaribu kubandika alama ya kumiliki kwenye "row" sentensi inavunjika.

Sehemu moja tu hakuna hiari, baada ya see, hear, watch, catch na find. "I saw him leaving", nilimwona akiondoka, hiyo ni patisipo halisi, ni mtu umemwona. "His leaving" hapo haikai.

Kwa hiyo dada barua yako ya shukrani ikiwa inakwenda kwa mkurugenzi iache na "your helping me", na mwenzako akimwandikia rafiki yake ujumbe wa simu na "you helping me" hajakosea chochote.